Volkano Ikilipuka Chini ya Barafu, Maji Huenda Wapi?

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Oktoba 1996 volkano ililipuka Aisilandi na hakuna aliyeiona. Mitambo ya kupima mitetemo ilijua, lakini macho ya watu hayakuwa na cha kuona, kwa sababu juu ya volkano hiyo palikuwa na barafu yenye unene wa mita 500 na ushei. Kulipokucha, watu waliopanda ndege kwenda kuchungulia hawakukuta moto wala moshi. Walikuta uso wa barafu umebonyea kama godoro lililokaliwa, na mashimo hayo mapana yanazidi kushuka. Volkano ilihitaji takriban saa 30 kutoboa paa lake. Alfajiri ya tarehe 2 Oktoba ndipo wingu la mvuke na majivu meusi lilipochomoza.

Mlipuko huo uliitwa Gjálp, na uwanja wake ulikuwa Vatnajökull, barafuto inayofunika karibu asilimia 8 ya nchi nzima. (Barafuto ni theluji ya miaka mingi iliyoshindiliwa ikawa barafu nzito, nayo hutambaa polepole kwa uzito wake yenyewe.) Gjálp ilitulia tarehe 13 Oktoba. Haikuua mtu, haikuunguza hata kibanda. Lakini watu wa Aisilandi hawakupumua, maana barafu zaidi ya kilomita 3 za ujazo ilikuwa imeyeyuka na maji yake yalikuwa hayajaonekana popote. Wiki zikapita. Mito ya kusini ikaendelea kutiririka kama kawaida, na kila mtu akaendelea kuitazama.

Tukisikia habari za volkano na barafu, tunafikiria ugomvi wa moto na baridi, tukataka kujua nani kashinda. Hilo halina siri: moto hushinda. Jambo la kuuliza ni maji yaliyozaliwa na ugomvi huo yameelekea wapi, na yatatumia muda gani kufika. Jibu la maswali hayo mawili ndilo linalotenganisha mlipuko wa kupigwa picha na mlipuko wa kuzikana.

Tuanze na hesabu ya joto, kwa kuwa ndiyo nyepesi. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka ambao bado haujatoka nje, ikiwa ni ya aina ya basalti hufika juu na joto la nyuzi 1,200 hivi. Kilo moja ya magma hiyo ikipoa kabisa hutoa joto la kuyeyusha kilo 4 hivi za barafu. Mwamba nao ni mzito karibu mara tatu ya barafu, kwa hiyo ukipima kwa ujazo badala ya uzito, ndoo moja ya magma inaweza kuyeyusha ndoo 10 za barafu au zaidi. Ndiyo maana mlipuko wa kiasi tu huzaa ziwa.

Sasa sogea karibu. Chukua bonge moja la magma, ukubwa wa ngumi, liguse maji ya barafu. Ngozi yake huganda papo hapo ikawa kioo cheusi, huku ndani bado ni uji wa moto. Kioo hakivumilii kupozwa ghafla. Kila aliyewahi kumimina maji baridi kwenye glasi ya moto anajua. Kinapasuka, nyufa zinafungua nyuso mpya zenye moto, maji yanapenya humo, yanageuka mvuke. Penye shinikizo la kawaida la hewa, maji yakiwa mvuke huhitaji nafasi mara 1,700 hivi ya ile ya awali, na hayaombi ruhusa ya kuipata. Bonge linakuwa kokoto, kokoto zinakuwa mchanga, mchanga unakuwa unga wa kioo. Yote hayo kwa kufumba na kufumbua. Volkano ambayo penye ukavu ingetiririsha lava, yaani magma iliyokwisha kutoka nje, kwa utulivu, ikikutana na maji hutupa majivu kilomita kadhaa angani.

Lakini barafu haileti maji peke yake, inaleta pia uzito. Mita 500 za barafu hukandamiza kilicho chini kwa shinikizo la mara 45 hivi ya lile la hewa tunayovuta, zaidi ya mara kumi ya upepo uliomo kwenye tairi la gari. Chini ya mzigo huo gesi haiwezi kupanuka itakavyo. Magma hujitokeza kwa mabonge ya mviringo yanayorundikana moja juu ya jingine, ambayo wanajiolojia huyaita lava ya mito. Ni mito ya kulalia, si mito ya maji, ingawa hapa vyote viwili vinahusika. Barafu ikizidi kuyeyuka mfuniko hupungua uzito, na volkano ileile iliyoanza kimyakimya huanza kufoka. Ikijijenga hadi kutokeza juu ya maji, hutulia tena na kumwaga lava ya kawaida.

Hatua hizo tatu huacha mlima wa umbo la pekee: ubavu uliosimama wima, kilele bapa kama meza. Herðubreið, mlima wa mita 1,682 huko Aisilandi, ndio mfano unaopendwa kuliko yote. Mwaka 1947 mwanajiolojia Bill Mathews alieleza milima ya jinsi hiyo huko Kanada na kuiita tuya, akitumia jina la mmoja wao, Tuya Butte. Mimi huiona tuya kama alama ya maji kwenye ukuta wa tangi. Pale ambapo unga wa kioo unaishia na lava ya juu inaanzia, ndipo uso wa maji ulipokuwa, na kutoka hapo unaweza kukisia unene wa barafu ambayo hayupo mtu aliyewahi kuiona. Watafiti wameona hata kwenye sayari ya Mirihi milima inayofanana na tuya, na kuihesabu kuwa dalili kwamba huko nako volkano na barafu viliwahi kukutana.

Kama unadhani ninakuza nafasi ya maji, tazama kilichotokea mwaka 2014. Magma kutoka volkano ya Bárðarbunga, ambayo nayo imelala chini ya Vatnajökull, ilianza katikati ya Agosti kujipenyeza ardhini kwa upande. Ilisafiri zaidi ya kilomita 40 ndani ya ufa, sehemu kubwa ya safari ikiwa chini ya barafu, kisha ikatokea Holuhraun, kilomita chache tu nje ya ukingo wa barafuto. Ilimwaga lava kwa miezi sita, hadi ikafunika zaidi ya kilomita za mraba 80. Kwa wingi wa magma, Gjálp ilikuwa mtoto mbele yake. Lakini hakukuwa na gharika, wala majivu ya kusimamisha ndege. Kilichosumbua watu ni gesi ya salfa. Ufa ungefunguka kilomita chache kabla, hadithi ingekuwa nyingine kabisa.

Turudi kwa maji ya Gjálp yaliyopotea.

Tumezoea kwamba maji hufuata mteremko. Chini ya barafuto kanuni hiyo haitoshi, kwa sababu maji yamebanwa na uzito ulio juu yake, na hukimbia kutoka penye barafu nene kwenda penye barafu nyembamba. Mteremko wa uso wa barafu, kule juu kabisa, una nguvu ya kuyaelekeza maji mara 10 hivi kuliko mteremko wa mwamba yanakopita. Maana yake maji yanaweza kupanda mlima. Kwa mtu aliyezoea kuona mto ukishuka bondeni hili linakera akili, lakini ndivyo ilivyo.

Maji ya Gjálp yalielekea kusini hadi Grímsvötn, bonde la volkano nyingine lenye ziwa lililofichwa chini ya barafu. Ziwa likajaa. Upande mmoja lilizuiwa na ukuta wa barafu, na ukuta wa barafu una udhaifu mmoja ambao ukuta wa zege hauna: unaelea. Maji yakifikia kama sehemu tisa kwa kumi za unene wake, barafu huanza kunyanyuka kutoka kwenye mwamba na mlango unafunguka. Mara nyingi mlango huo huanza kama upenyo mdogo ambao maji yenyewe huupanua kwa joto lake na kwa msuguano, na gharika huchukua siku nyingi kufika kilele. Mwaka 1996 haikuwa hivyo. Maji yalisafiri kilomita 50 chini ya barafu na asubuhi ya tarehe 5 Novemba yakafumuka kwenye ukingo wa kusini, hata kupasua barafu na kutokea juu yake. Kabla ya siku kwisha yalikuwa yakipita kiasi cha mita za ujazo 50,000 kwa sekunde. Mto Kongo, kwa wastani wake, hauzifikishi.

Maji hayo hayakuwa maji ya kuona na kusifu. Yalikuwa ya rangi ya kahawia, mazito kwa mchanga, yanayonuka salfa, yamebeba mapande ya barafu makubwa kama nyumba. Nguzo za daraja zilipigwa na mapande hayo kama kwa nyundo. Daraja moja la barabara kuu lilisombwa lote, jingine likang'olewa vipande. Gharika lilipokwisha, mapande yalibaki yametawanyika kwenye uwanda wa mchanga wa Skeiðarársandur, na yalipoyeyuka yakaacha mashimo ya duara. Hakufa mtu. Barabara ilikuwa imefungwa na kila mmoja alijua maji yangetokea wapi, kwa sababu wiki zile tano hazikupotea bure.

Watu wa huko wana neno la gharika kama hilo: jökulhlaup, yaani mbio za barafuto. Nchi isiyo na tatizo haitungi neno. Katla, volkano iliyo chini ya barafuto ya Mýrdalsjökull, iliachia moja tarehe 12 Oktoba 1918 ambayo makadirio yake yanafika mita za ujazo 300,000 kwa sekunde. Kwa saa chache lilikuwa kubwa kuliko mto Amazon, na mchanga wake uliusogeza ufukwe ndani ya bahari.

Grímsvötn ina jambo jingine linalopindua mpangilio tuliouzoea. Mwishoni mwa Oktoba 2004 ziwa lake lilianza kumwagika. Maji yalipopungua, uzito uliokuwa umeibana magma ukapungua pia, na tarehe 1 Novemba volkano ikalipuka. Safari hii gharika ndilo lililoiamsha volkano. Haikuwa mara ya kwanza kwa Grímsvötn, na wanaoilinda sasa hulitazama ziwa kwa sababu mbili.

Mpaka hapa nimezungumzia barafu nene juu ya nchi pana, ambako maji hujikusanya kwanza na kuwapa watu muda. Balaa kubwa zaidi la volkano na barafu katika karne iliyopita lilitokea penye barafu kidogo.

Nevado del Ruiz ni volkano ya Kolombia yenye urefu wa mita 5,321, iliyo karibu na ikweta lakini yenye kofia ya barafu kileleni. Tarehe 13 Novemba 1985, saa tatu na dakika chache usiku, ililipuka. Kwa vipimo vya volkano ulikuwa mlipuko mdogo. Magma haikuikuta barafu kwa chini kama Gjálp. Mawingu mazito ya gesi na vifusi vya moto yalimwagika juu ya theluji, yakaikwangua na kuiyeyusha huku yanakimbia. Karibu asilimia 10 tu ya barafu ilipotea. Lakini ilipotea kwa dakika, kwenye mlima mkali, juu ya mabonde membamba yenye udongo uliolegea. Maji yaliokota udongo na mawe, yakaongezeka ujazo kila kilomita yalizoshuka, hadi yakawa tope linalotembea kama zege bichi. Wataalamu huliita lahari, neno kutoka Kijava.

Mji wa Armero ulikuwa kwenye mdomo wa bonde mojawapo. Tope liliufikia kama saa tano na nusu usiku, saa mbili na zaidi baada ya mlipuko. Kwa mwendo wa miguu, muda huo ulitosha kupanda kilima kilicho karibu. Ramani ya hatari ilikuwa imekwisha kuchorwa, imetolewa mwezi mmoja kabla, na Armero ilikuwa ndani ya rangi ya hatari. Zaidi ya watu 20,000 walikufa, wengi wao wakiwa majumbani. Siku hiyo majivu yalikuwa yamenyesha mjini tangu alasiri, na watu walikuwa wameambiwa watulie. Nikisoma habari za Ruiz sioni barafu iliyoshindwa kueleweka. Naona ujumbe uliofika ofisini na kuishia hapo.

Linganisha na asubuhi ya tarehe 14 Aprili 2010, Eyjafjallajökull, Aisilandi tena. Mlipuko ulianza chini ya barafu ya mita 200 hivi, na watu wapatao 800 walikuwa wamekwisha kuamshwa usiku na kuondoka. Gharika lilipokuwa njiani, mafundi wenye makatapila waliichimba barabara kuu kwa makusudi karibu na daraja la mto Markarfljót ili maji yapate pa kupita. Barabara ikakatika, daraja likasalimika. Tuta la udongo hurudishwa kwa siku chache, daraja sivyo.

Dunia, bila shaka, inaukumbuka mlipuko huo kwa sababu nyingine. Majivu yake membamba, yaliyosagwa kwa gesi ya magma yenyewe na, hasa siku za mwanzo, kwa maji ya barafu, yalisukumwa na upepo kuelekea Ulaya, na safari za ndege zipatazo 100,000 zikafutwa. Wapo walioona ni woga uliopita kiasi. Lakini majivu ya volkano si majivu ya jikoni, ni kioo na mwamba uliosagwa. Ndani ya injini ya ndege mna joto la kuyeyusha kioo hicho, nacho huganda tena kwenye sehemu zisizo na joto sana na kuziba njia ya hewa. Tarehe 15 Desemba 1989 ndege ya KLM iliingia kwenye wingu la volkano ya Redoubt huko Alaska, nayo pia ni ya barafu, na injini zote nne zikazimika. Ilishuka zaidi ya kilomita 4 kabla ya marubani kuziwasha tena na kutua salama Anchorage. Ukishakijua kisa hicho, unawaelewa waliofunga anga.

Kinachosaidia ni kwamba volkano za chini ya barafu huacha nyayo. Ardhi hutetemeka, mitambo ya GPS huonyesha mlima ukivimba, uso wa barafu hubonyea kwenye sehemu zinazopata joto. Kipimo ninachokipenda ni cha bei nafuu kuliko vyote: waya mbili ndani ya mto. Maji ya theluji safi hupitisha umeme kwa shida. Yakigusana na volkano huchukua chumvi na gesi, na umeme hupita kwa urahisi zaidi. Kipimo kikipanda ghafla na mto ukaanza kunuka yai viza, kuna kitu kinavuja huko juu.

Kazi hiyo haitapungua, kwa sababu barafu yenyewe haijatulia. Enzi ya barafu ilipokwisha, zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, Aisilandi ilivuliwa mzigo wa barafu nene, na kwa muda volkano zake zikalipuka mara 30 hadi 50 zaidi ya kawaida. Sababu ni ileile ya Grímsvötn ikiwa imekuzwa: mwamba wa chini sana, ulio moto tayari, huyeyuka shinikizo likipungua. Kwa upande mwingine, barafu ikipungua mno hata maji ya kufanya gharika hupungua. Antaktika Magharibi nako, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2017 ulifikisha hesabu ya volkano zinazodhaniwa kuwa chini ya barafu kuwa 138, kati yake 91 hazikuwa zikijulikana. Nyingi zimefunikwa na barafu nene kiasi kwamba zikilipuka huenda zisitoboe kabisa, ila maji yake yataendelea kuitelezesha barafu kutoka chini.

Na Skeiðarársandur? Mabaki ya daraja yaliyopindwa na gharika la 1996 bado yako kando ya barabara, watalii hupigia picha hapo. Daraja refu la mto Skeiðará lilikarabatiwa, magari yakapita. Mwaka 2009 barafuto ilikuwa imerudi nyuma kiasi kwamba mto ulihama, ukajiunga na mwingine upande wa magharibi. Daraja refu kuliko yote nchini likabaki limesimama juu ya mchanga mkavu, na mwaka 2017 barabara ikahamishiwa kwenye daraja fupi lililo karibu.